MAJANI NA MAUA YANASEMA NINI?



Sasa unajua kusoma. Unasoma barua. Unasoma tangazo la kijiji. Unasoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea. Lakini hata kabla hujaingia darasani ulikuwa unasoma. Ulitazama mawingu mlimani, ukajua kama mvua iko karibu. Ulitazama majani ya migomba, ukajua kuwa shamba lina kiu. Huko nako ni kusoma.

Kuna majani mengine ambayo watu wenyewe wameyapa maana. Mtu huyapanda, huyabeba au huyavaa ili kumwambia mwenzake neno bila kufungua kinywa. Somo letu la leo linahusu majani na maua ya namna hiyo. Tutaanza hapa hapa Msangeni. Kisha tutashuka pwani, na tutafika mpaka nchi ya mbali ya Japani. Mwisho tutarudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo la kufanya.

1. ISALE LA MPAKANI

Simama ukingoni mwa shamba, pale linapokutana na shamba la jirani. Mahali pengi katika milima yetu ya Upare utaona mstari wa mimea iliyosimama kama askari. Majani yake ni marefu na yananing'inia, yanafanana kidogo na majani ya mahindi. Huo ndio mmea wa isale. Yakiwa mengi tunasema masale. Kama kwenu mnautaja kwa jina lingine, tumia jina lenu.

Mtoto anayefyeka shamba na babu yake huenda akauliza:

"Babu, mbona haya hatuyafyeki?"

"Hayo hayafyekwi, mjukuu wangu. Hapo ndipo shamba letu linapoishia. Ng'ambo ya hapo ni kwa jirani."

Mtoto amefundishwa kusoma. Tangu siku hiyo, akiona isale anasoma hivi: "Simama. Hapa ni mpaka."

Isale halikupandwa mpakani mwa mashamba tu. Wazee walilipanda pia makaburini na kandokando ya misitu ya mila ya koo. Huko nako lilisema jambo lile lile: "Hapa pana mwenyewe. Usipite ovyo." Jirani zetu Wachaga wa Kilimanjaro nao hulitumia isale kwa mipaka ya vihamba vyao.

2. KWA NINI ISALE, SI MMEA MWINGINE?

Wazee hawakuchagua isale kwa bahati tu. Fikiri kidogo juu ya tabia za mmea huu.

Kwanza, isale haliombi kazi nyingi. Ukikata kipande cha shina ukakichomeka katika udongo wenye unyevu, kitaota.

Pili, isale hubaki kijani mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, majani mengine yakikauka, isale bado linaonekana kutoka mbali.

Tatu, isale ni gumu kufa. Ukilikata juu, huchipua tena. Mtu anayetaka kuliondoa kabisa hana budi kuchimba, na anayechimba huacha shimo. Shimo hilo ni ushahidi.

Nne, isale huishi miaka mingi. Aliyelipanda anaweza kufa, na wajukuu wake wakalikuta bado limesimama.

Jiwe huweza kusukumwa usiku mmoja. Kigingi cha mti huliwa na mchwa. Ndiyo maana wazee walilikabidhi isale kazi ya kulinda mpaka. Na ukibahatika kuliona likitoa maua, utaona maua madogo meupe yaliyoshikana, yenye harufu nzuri wakati wa jioni na usiku.

3. ISALE LA KUOMBA RADHI

Isale lina kazi ya pili. Kazi hii inajulikana sana Uchagani, na watu wengi wa mkoa wetu wa Kilimanjaro wanaifahamu.

Tuseme kijana amemkosea baba yake mdogo. Amemtukana mbele ya watu. Baada ya siku kadhaa moyo unamchoma. Anataka kusema "Nisamehe, baba mdogo", lakini anaogopa kwamba hatasikilizwa. Basi anatafuta mtu mzima wa kumsindikiza. Anachukua jani la isale na kwenda nalo. Mzee akiliona lile jani, anajua kilichomleta kijana kabla hajasema neno.

Kwa mila, si rahisi kulikataa isale. Anayelikataa ndiye anayeonekana sasa kuwa na kosa. Kwa hiyo jani linafanya kazi mbili. Linampa nguvu anayeomba, na linampa njia aliyekosewa. Anaweza kusamehe bila kuonekana dhaifu. Husema, "Nimeliheshimu isale."

Isale hubebwa pia kijana anapomchukua binti wa watu bila kufuata taratibu. Wazee wa upande wa kijana huenda kwa wazazi wa binti na isale mkononi. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Sasa angalia vizuri. Isale la mpakani linasema, "Usivuke." Isale la mkononi linasema, "Tupatane." Je, maneno hayo mawili yanapingana? Hapana. Yote mawili yanataka watu wakae kwa amani. La kwanza linazuia ugomvi usianze. La pili linaumaliza ukishaanza.

4. MAUA YA PWANI

Tuache milima kidogo, tushuke pwani. Huko Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja, isale si mmea wa kuombea radhi. Watu wa pwani wana mimea yao inayosema.

Asumini ni ua dogo jeupe lenye harufu tamu. Wanawake wa pwani huchuma asumini na kuyatunga kwa uzi. Huchanganya pia na majani ya mrehani, na mawaridi kama yapo. Kifungu hicho kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri huitwa kikuba. Mwanamke hukivaa nguoni au kwenye nywele. Bibi arusi hupambwa kwa asumini. Kwa watu wa pwani, asumini huleta mawazo ya arusi, mapenzi na nyumba yenye furaha.

Waridi nalo lina kazi. Maji yenye harufu ya waridi hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iitwayo mrashi, na wageni hunyunyiziwa marashi hayo. Maana yake ni kwamba wamekaribishwa na wameheshimiwa.

5. MIMEA YA TAIFA LETU

Hata Taifa letu husema kwa mimea. Chukua karatasi yoyote ya serikali yenye nembo ya Taifa. Tazama kwa makini. Utaona mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Chini yao kuna maneno "Uhuru na Umoja".

Sasa tazama miguuni mwao. Kuna mimea miwili: mkarafuu na mpamba. Karafuu ni zao lililoijulisha Zanzibar duniani. Pamba ni zao lililolimwa kwa wingi Tanzania Bara, hasa Usukuma. Mimea hiyo miwili ikiwa pamoja, inasema habari ya ushirikiano. Huenda umeiona nembo hiyo mara mia bila kuisoma. Leo umeisoma.

6. MANENO YA MAUA HUKO JAPANI

Watu wa mbali nao wana mimea inayosema. Japani ni nchi ya visiwa, mashariki kabisa ya bara la Asia. Wajapani wana neno "hanakotoba". "Hana" ni ua, na "kotoba" ni neno. Kwa hiyo hanakotoba ni maneno ya maua.

Huko Ulaya, mwaka 1819, kilitolewa kitabu katika mji wa Paris kilichoeleza maana ya kila ua. Vitabu vya namna hiyo vilipendwa sana. Baadaye, katika kipindi cha mfalme aliyeitwa Meiji, kati ya mwaka 1868 na 1912, Japani ilijifunza mambo mengi kutoka Ulaya. Desturi ya kuyapanga maua na maana zake kama kamusi iliingia wakati huo. Lakini Wajapani walikuwa na maua yao wenyewe yenye maana tangu zamani. Tutaje matatu.

Ua la kwanza ni sakura. Huota juu ya miti. Mti mzima hujaa maua meupe au ya rangi ya waridi. Lakini baada ya wiki moja au mbili maua yote hupukutika. Kwa hiyo sakura huwaambia Wajapani kwamba maisha ni mazuri lakini ni mafupi. Sakura huchanua sehemu nyingi karibu na mwezi wa Aprili. Mwezi huo ndio shule hufunguliwa mwaka mpya wa masomo. Basi ua hilo ni dalili ya mwanzo mpya pia.

Ua la pili ni kiku. Kiku lenye petali 16 ni alama ya Mfalme wa Japani. Lakini kiku jeupe hupelekwa msibani. Mtu hawezi kumpelekea mgonjwa kiku jeupe. Ingekuwa kama kumwambia, "Tunangojea mazishi yako."

Ua la tatu ni tsubaki. Maua mengi hudondosha petali moja moja. Tsubaki huanguka lote zima, kama kichwa kilichokatwa. Kwa sababu hiyo nalo halipelekwi kwa mgonjwa.

Kuna desturi nyingine. Wajapani hawampelekei mgonjwa hospitalini mmea uliopandwa katika chungu. Kwa nini? Katika lugha yao, neno la "kuota mizizi" linasikika karibu sawa na neno la "kulala kitandani kwa ugonjwa". Mmea wenye mizizi ungesema, "Uote mizizi hapo kitandani." Mgeni asiyejua Kijapani angepeleka mmea huo kwa moyo mwema kabisa, na angewahuzunisha wenyeji wake.

7. ISHARA NI MAPATANO

Sasa linganisha. Maua meupe ya kiku huko Japani ni ya kilio. Maua meupe ya asumini huko Unguja ni ya arusi. Weupe ni ule ule. Maana si ile ile.

Na isale je? Mimea ya jamii ya isale hupandwa pia Ulaya, ndani ya nyumba, katika vyungu. Huwekwa sebuleni kwa pambo tu. Mwenye nyumba hulimwagilia maji na kulifuta vumbi. Hajui kwamba katika milima ya Tanzania mmea wa jamii hiyo huzuia watu wasipigane.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba maana haimo ndani ya jani. Maana imo katika mapatano ya watu. Isale linalinda mpaka kwa sababu wewe na jirani yako mmekubali kwamba linalinda. Siku mmoja wenu akiacha kukubali, isale linakuwa mmea kama mimea mingine.

Herufi nazo ni hivyo hivyo. Alama "a" haina sauti yake yenyewe. Sisi tumekubaliana kwamba tukiiona tutasema "a". Ndiyo sababu umeweza kujifunza.

8. ISALE LIKIKOSA MSOMAJI

Hapa ndipo penye jambo zito. Tuchukue mfano.

Mama mmoja amefiwa na mume. Mpaka wa shamba lake una masale kumi. Mume wake na jirani waliyapanda pamoja, mbele ya wazee wawili. Wakati huo hapakuandikwa kitu. Hapakuwa na haja. Wote walijua.

Miaka ikapita. Wazee wale wawili wakafariki. Jirani naye akafariki. Mwanawe alikulia mjini, akarudi kuuza sehemu ya shamba. Mnunuzi ni mtu wa mbali. Mnunuzi akayaona masale, akadhani ni magugu. Akayang'oa yote kwa siku moja ili apande kahawa.

Mama analia. Anasema, "Mpaka ulikuwa hapa." Mnunuzi anauliza, "Uko wapi?" Mashimo yamefukiwa. Wanaojua wamekufa. Ilibaki midomo ya watu wawili tu, na kila mmoja anasema lake.

Je, isale lilishindwa? Isale halikushindwa. Lilikosa msomaji. Mtu asiyefundishwa lugha yake hawezi kulisikia.

Sasa wewe una kitu ambacho mume wa yule mama hakuwa nacho mkononi siku ile. Una kalamu. Maandishi husomwa hata na mgeni. Husomwa hata wenyewe wakiwa wamefariki.

Usilitupe isale. Karatasi iliyomo sandukuni haionekani na mtu anayelima. Isale humkumbusha kila siku. Na karatasi ya hukumu inaweza kusema nani ameshinda, lakini haiwafanyi majirani wasalimiane tena njiani. Kwa kazi hiyo isale bado linahitajika. Basi tumia vyote viwili. Isale lisimame shambani, na maandishi yakae mahali salama.

9. NAMNA YA KUFANYA

a) Mwite jirani yako. Tembeeni mpakani pamoja. Msiende mmoja peke yake. Mama mwenye shamba aende mwenyewe, asitume mtu tu.

b) Waiteni mashahidi. Wawepo wazee na vijana pia, maana vijana ndio watakaoishi zaidi.

c) Hesabuni masale. Palipo na pengo, pandeni jingine pamoja.

d) Andikeni mapatano. Mfano ni huu:

"Leo, tarehe ..., sisi ... na ... tumetembea pamoja mpaka wa mashamba yetu katika kitongoji cha .... Mpaka unaanzia ... na kuishia .... Una masale .... Tumekubaliana kwamba huo ndio mpaka. Mashahidi wetu ni ...."

e) Kila mmoja aweke sahihi yake. Andikeni nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Nakala ya tatu ipelekeni ofisi ya kijiji.

Karatasi hii bado si hati ya ardhi. Ni ushahidi wa mapatano yenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitambua ardhi inayomilikiwa kwa mila. Chini ya sheria hiyo mwanakijiji anaweza kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila katika Halmashauri ya Kijiji chake. Sheria hiyo inasema pia kwamba mila au uamuzi unaomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi hauna nguvu. Mama mjane, neno hili ni lako. Lisome mara mbili.

Kama ugomvi umeshaanza, liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Kazi yake ni kuwasuluhisha watu. Baraza hilo lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Ukienda huko, beba karatasi yako. Na kama unajua kwamba wewe ndiye uliyekosea, beba na isale.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO YA KUJIFUNZA

Hakimiliki: haki ya kuwa mwenyewe wa mali.
Ishara: alama inayobeba maana.
Mapatano: jambo ambalo watu wamelikubali pamoja.
Nakala: karatasi yenye maneno yale yale kama ya kwanza.
Nembo: picha ya alama ya nchi au chama.
Petali: kijani kimoja chenye rangi katika ua.
Sahihi: jina lako uliloliandika kwa mkono wako kuonyesha kwamba umekubali.
Ushahidi: kitu au maneno yanayoonyesha ukweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja tabia nne za isale zinazolifanya lifae kwa mpaka.
2. Isale la mpakani linasema nini? Isale la mkononi linasema nini?
3. Kwa nini Mjapani hampelekei mgonjwa mmea wenye mizizi?
4. Asumini jeupe na kiku jeupe vina maana gani? Kwa nini maana hizo si moja?
5. Yule mama mjane alikuwa na masale kumi. Alikosa nini?
6. Katika kijiji chenu kuna mmea gani mwingine wenye ujumbe? Waulizeni wazee, kisha mwelezane darasani.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii nenda mpakani mwa shamba lako. Hesabu masale yaliyopo. Andika katika daftari lako idadi yake, na majina ya watu wanaojua ni nani aliyeyapanda. Kama amebaki mtu mmoja tu anayejua, usingoje mwezi ujao. Nenda kamwamkie leo, ukae naye, uandike anayokuambia.